Mashine ya Wamaza Imekwama Tena

Wamaza, tarehe 11 Februari 2024

Mjomba Zéphirin,

Pokea salamu zetu za huku. Sisi tuko wazima, ila mvua imetuzidi na mpunga wa bondeni umelala chini. Mama anakusalimu sana. Anasema tangu Noeli hujamtumia hata kipande cha sabuni, na kwamba siku samaki wa Nyangwe atakapokukwama kooni usimtaje dada yako Marie. Mguu wake wa kushoto bado unavimba, lakini mdomo ni mzima, wewe unamjua. Kamaldine wa jenereta naye anakusalimu. Ameoa mke wa pili na amekonda.

Barua nampa Pitchou wa pikipiki kwa sababu mtandao haujarudi tangu watu wa msituni, wale wenye silaha, walipochoma mnara wa simu. Akikuomba nauli mara ya pili usimpe, nimeshamlipa.

Sasa jambo lenyewe. Kompyuta ya redio, ile iliyopitia kwako mwaka jana ukaiandaa na kutuletea, imeanza kukwama. Nikirekodi mtu huku wimbo unaendelea hewani, mshale unasimama, sauti inarudia neno moja moja kwa kigugumizi, halafu mashine inazima na kujiwasha yenyewe. Ikishajiwasha, programu inacheza faili la kwanza kwenye orodha. Na faili la kwanza, Mjomba, ni 001, ngoma ya mti aliyoturekodia marehemu Muzaliwa, ile inayowaambia watu wakimbie. Ulikuwapo siku komite ilipoamua. Watu wa msituni wana redio kama sisi, tukitangaza kwa maneno wanajua tumewaona, lakini ngoma inayosema Kibangubangu, lugha yetu, hawaielewi. Tukaiweka ya kwanza ili iwe karibu na kidole.

Jumanne iliyopita saa kumi na moja jioni mashine ilizima, ikajiwasha, na ngoma ya Muzaliwa ikalia hewani dakika nzima kabla sijauchomoa waya. Vijiji vitatu viliinuka. Mama alikimbia na mguu wake ule. Mke wa mwalimu alijifungua kwenye matope nyuma ya mashamba na mtoto hakulia. Kwenye daraja la magogo watu walikanyagana, mzee mmoja akaanguka mtoni, tukampata siku ya pili amenasa kwenye mizizi, samaki wameshamla uso. Adui hakuja hata mmoja. Watu wawili wamekufa kwa ajili ya mashine yangu, na mimi sikugusa kitu.

Ninachotaka kujua ni hiki: prosesa imechoka? Zamani nilikusikia ukisema mashine ikizeeka hubadilishwa prosesa. Dalili zake ni zipi, na nani huamua kwamba wakati umefika? Komite inaniuliza. Wewe ndiye fundi.

Mpwa wako,
Laetitia


Kasongo, tarehe 3 Machi 2024

Laetitia mpwa wangu,

Barua yako imenifikia, na Pitchou aliomba nauli mara ya pili, na mimi nikampa, kwa hiyo mtani wangu huyo umkamate wewe. Huku tuko salama. Mounira mke wangu anakusalimu, anasema ukija usisahau vitenge vyake. Mwambie dada yangu sabuni inakuja, na huo mguu aukande kwa maji ya moto yenye chumvi, aache ubishi.

Kazi ni nyingi, namshukuru Mungu. Arusi zilifuatana mpaka Kwaresima ikazikata. Video ya arusi ya yule mfanyabiashara wa mawese niliikata na kuipanga kwa siku mbili tu, zamani ingenila wiki nzima. Juzi sokoni walimkamata mwizi wa betri za sola. Walimpiga kwa matofali mpaka jicho likatoka, wakamvisha tairi, na petroli ilikuwa imeshamwagwa polisi walipofika. Nilisimama nikatazama. Mwizi ni mwizi, sikumhurumia.

Habari za daraja zimenisikitisha. Nawapa pole wafiwa wote. Lakini nisikilize vizuri, kwa sababu watu wengi hukosea hapa. Mashine ikichelewa kidogo tu, wanalia prosesa, prosesa. Prosesa haizeeki kama mguu wa mama yako. Kwanza tazama vumbi, maana huko kwenu vumbi la barabara linaingia mpaka kwenye uji. Sikiliza feni: ikipiga kelele huku mashine ikiwa ya moto, kosa ni joto, na ile krimu inayopakwa kati ya prosesa na feni imekauka. Halafu punguza zile nyimbo mia saba. Kisha fungua lile dirisha linaloonyesha mashine inavyofanya kazi. Ukiona kumbukumbu ndiyo iliyojaa, ongeza kumbukumbu, prosesa iache. Ukiona prosesa inapanda mpaka mia, funga kazi moja moja. Ikishuka, basi wewe ndiye unayeibebesha mizigo mingi.

Wakati wa kubadilisha prosesa ni pale umeshasafisha, umeshapunguza, mashine ni ya baridi, kazi ni moja tu, na bado inajaa mpaka mia kwa mia. Hapo ndipo fundi anasema imefika. Si kabla. Yenu haijafika. Redio ni sauti, na sauti haina uzito. Mashine hiyo inawatosha miaka kumi.

Vumbi lipulizeni kwa nje. Msiifungue. Krimu nitakuja kuipaka mwenyewe.

Mjomba wako,
Zéphirin


Wamaza, tarehe 21 Aprili 2024

Mjomba,

Salamu, na Pasaka njema iliyopita. Huku mpunga uliobaki tumeuvuna. Mama anakusalimu, sabuni ameipokea, anasema inanuka vizuri kuliko wewe. Mguu unaendelea. Kamaldine anakusalimu kwa mkono mmoja, na sababu yake naieleza sasa hivi.

Nilifanya yote uliyoandika. Nilipuliza vumbi, nikatoa mende hai kumi na wasio hai sikuwahesabu. Nilifuta nyimbo mpaka wasikilizaji wakalalamika. Nilitaka na 001 niisogeze chini, komite ikakataa, wakasema siku yenyewe tutaitafuta kwa haraka na hatutaiona. Alhamisi baada ya Pasaka mashine ilizima tena, ikajiwasha, na ngoma ikalia. Watu wakakimbia mara ya pili. Waliporudi na kukuta kuku wao wapo na nyumba zimesimama, hawakwenda kwao. Walikuja redioni.

Walimpiga Kamaldine kwa mchi mpaka mfupa wa mkono ukatokeza nje ya ngozi. Mimi walinivuta kwa nywele mpaka barabarani, blauzi ikapasuka yote, wakanipiga mateke ya tumbo. Mume wa yule aliyezalia matopeni aliniwekea panga shingoni. Hakuwa amelewa, Mjomba. Alikuwa analia. Mama ndiye aliyekuja na mpini wa jembe, akampiga wa kwanza, akampiga wa pili, kisha akasimama juu yangu akawaambia: "Mutoto wangu haikupiga ngoma. Ni mashine. Kama munataka kukata, muende mukate mashine." Mtu mmoja akacheka, wengine wakacheka, na hivyo tukapona.

Tangu siku hiyo tumekuwa kichekesho. Wimbo ukikatika hewani, utasikia kwenye kila kibanda, mashine ya Wamaza imekwama tena. Mama mwenyewe amesema hakimbii tena kwa ajili ya kompyuta. Hilo ndilo linaloniogopesha kuliko panga.

Sasa turudi kwenye sheria yako. Niliiwasha asubuhi, mashine ya baridi, vumbi hakuna, programu moja, wimbo mmoja. Nikafungua lile dirisha. Ilipanda tisini na tano, ikapanda mia, ikakaa hapo hapo. Kwa maneno yako mwenyewe, wakati umefika.

Liko jambo jingine. Dirisha hilo linanionyesha mchoro mmoja tu wa prosesa, na chini yake limeandika kiini kimoja, yaani kichwa kimoja tu cha kufanya kazi. Nilikwenda kwenye sanduku la komite, nikatoa karatasi ya makabidhiano ambayo wafadhili waliisaini huko Kasongo na mimi nikaisaini hapa. Imeandikwa prosesa ya viini vinne. Labda sijui kuhesabu. Labda vile vitatu vinalala na vina namna ya kuamshwa. Nieleze, Mjomba, wewe ndiye uliyeiandaa.

Mpwa wako,
Laetitia


Kasongo, tarehe 12 Mei 2024

Laetitia,

Salamu kwako, kwa mama yako, kwa Kamaldine na mkono wake, kwa komite yote, na kwa wale waliokupiga pia, Mungu awafungue macho. Huku Mounira alikuwa na malaria, sasa amepona. Mafuta ya taa yamepanda. Mto Lualaba umejaa mpaka kule wanakofunga mitumbwi, na wachuuzi wa Nyangwe wanachelewa. Mvua nzito ilibomoa choo chetu. Nimejenga kingine.

Kuhusu mashine, mbona unanihoji kama hakimu? Karatasi za wafadhili huandikwa na watu ambao hawajawahi kufungua kompyuta. Wanaandika vinne, wanaandika vinane, nani anayehesabu. Ninachokuomba ni kimoja: hilo la viini usilipeleke kwenye komite. Watu wenyewe wana hasira, na hasira haijui kusoma karatasi. Nitakuja mwishoni mwa Juni na nitaitengeneza. Mpaka hapo usirekodi huku unacheza wimbo. Fanya kazi moja moja.

Mwambie dada yangu nimempatia kitenge, nitakuja nacho mkononi.

Zéphirin


Kasongo, tarehe 9 Juni 2024

Laetitia mwanangu,

Pitchou bado yuko hapa, wanajeshi wamefunga njia, sijui kama hata barua yangu ya Mei imetoka mjini. Watu waliokuja kwa mguu wakipitia mashambani wanasema watu wa msituni waliingia Wamaza mwishoni mwa Mei. Mmoja anasema waliokufa ni kumi, mwingine anasema hawahesabiki. Nimekwenda parokiani, nimekwenda msikitini, nimekwenda kwa wanunuzi wa dhahabu wa Lusangi, hakuna anayejua jina la mtu.

Nakuomba mistari miwili tu. Uko hai? Dada yangu yuko wapi? Mguu ule ulimwezesha kufika porini? Kama mmekimbilia Kabambare, niambie mko kwa nani nije niwachukue.

Mjomba wako


Kasongo, tarehe 20 Juni 2024

Laetitia,

Nasikia uko hai. Mtu alikuona. Basi mbona huandiki? Mama yako yuko wapi? Sili, silali. Andika neno moja.

Zéphirin


Wamaza, tarehe 30 Juni 2024

Mjomba,

Barua zako tatu zimefika siku moja, Pitchou alipofunguliwa njia. Nimezisoma kwa kufuata tarehe. Salamu sina.

Walikuja Jumanne tarehe 28 Mei, saa nane mchana, watu wako kwenye chakula. Mchimbaji mmoja wa Lusangi alifika na pikipiki, ametobolewa bega, akasema wamevuka mto, wako nyuma yake. Nilikuwa namrekodi muuguzi kuhusu chanjo. Nilibonyeza 001. Ngoma ilianza, ikapiga mapigo mawili, ikakwama. Ikarudia pigo moja, lile lile. Ngoma ikikatwa namna hiyo haisemi kitu, ni kelele tu. Nilifunga kila kilichokuwa wazi, nikabonyeza tena, ikarudia pigo lile lile. Nilishika maikrofoni nikawaambia wakimbie, lakini maikrofoni nayo inapita kwenye mashine hiyo, sauti yangu haikutoka.

Kamaldine alikuwa mlangoni. Alisikia watu wanacheka. Mwanamke mmoja aliyekuwa anatwanga aliita, "Laetitia, mashine yako ipumuzike kidogo." Nilitoka mbio nikipiga kelele kwa mdomo. Nilizifikia nyumba tisa. Waliobaki hawakunisikia, au walinisikia wakafikiri nimechanganyikiwa.

Waliingia upande wa shule. Hawakupiga risasi nyingi, walitumia panga ili kuokoa risasi. Familia nzima ya fundi cherehani walifungiwa ndani na nyumba ikachomwa, na tuliokuwa kwenye mihogo tulisikia mpaka walipoacha kulia. Muuguzi walimpasua tumbo akiwa bado ameshika karatasi zake. Wasichana wanne waliwachukua, wawili wamerudi, hawasemi. Kamaldine alijaribu kupanda ukuta, mkono ule uliovunjwa na watu wetu wenyewe haukumbeba. Walimshusha kwa miguu na kumkatakata mbele ya jenereta yake. Nilikuwa hatua thelathini kutoka hapo. Nilitia udongo mdomoni nisipige kelele.

Redio hawakuichoma. Nilisikia mmoja wao akisema waiache, anapenda muziki wake.

Tumezika watu thelathini na mmoja. Wengine tumezika vipande, kwa hiyo hesabu inaweza kukosea.

Baada ya mazishi nilichukua bisibisi nikaifungua mashine, ingawa ulinikataza. Nilitoa feni. Krimu haijakauka, Mjomba. Ni mbichi, na ina alama ya dole gumba pembeni. Niliifuta nikasoma namba iliyochongwa juu ya prosesa, kisha nikaitafuta kwenye kile kitabu cha mafundi ulichoniachia. Ni ya kiini kimoja. Ni kuukuu kuliko kisanduku chenyewe. Nikakumbuka ile video ya arusi iliyochukua siku mbili badala ya wiki.

Unaniuliza habari za mama. Nijibu wewe kwanza: prosesa ya viini vinne iko wapi? Andika kwa mkono wako na utie jina lako. Ukishanijibu, nami nitakujibu.

Laetitia


Kasongo, tarehe 14 Julai 2024

Laetitia mwanangu, mtoto wa dada yangu,

Sijui nikusalimuje. Mounira hajui ninachoandika.

Niliitoa mimi. Mashine yenu ilikaa dukani kwangu siku kumi na mbili kabla sijawaletea. Ya kwangu ilikuwa imechoka, ile ile dalili niliyokufundisha, mia kwa mia, video inakatika, wateja wananitukana mbele ya watu. Kulikuwa na arusi tatu mkononi. Nikajisemea, redio ni sauti tu, viini vinne vya nini, vitakaa bure huko Wamaza vikila vumbi. Nikachomoa yenu nikaweka kwangu, na ya kwangu nikaweka kwenu. Nilisema ni kwa wiki moja, arusi zikiisha nitairudisha. Arusi hazikuisha. Kisha ukaniandikia habari za daraja na yule mtoto wa matopeni, na hapo nilijua kabisa kosa ni nini. Nilijua siku ile ile, nikiwa nimesimama na barua yako. Ningeweza kupanda pikipiki asubuhi. Nikakuandikia habari za vumbi. Kila mwezi uliopita ulifanya aibu iwe ngumu zaidi kuisema, basi nikazidi kunyamaza.

Sikujua kwamba siku yenyewe mashine ingeikata ngoma. Nakuapia hilo. Nilifikiri mtaaibika kidogo tu mbele ya watu, basi.

Pitchou amebeba kopo la maziwa ya unga. Ndani yake, kwenye karatasi ya fedha ya sigara, utaikuta prosesa yenu. Kuna na krimu mpya. Fungua wenzo wa chuma, toa ile ya zamani, weka hii kona yenye alama ya dhahabu ikitazama kona yenye alama kama hiyo. Usiisukume, itaketi yenyewe. Krimu ni kiasi cha punje moja ya mchele, katikati, usizidishe. Feni uikaze kwa kuvuka kona, siyo upande mmoja kwanza. Mashine yangu nimeifunga. Sitapiga tena video.

Barua hii ukishaisoma ichome. Nakusihi kwa jina la mama yako. Unajua vijana wa Wamaza, na hapa Kasongo pia nina watoto. Mtu mwingine asiione.

Nimekujibu. Sasa niambie dada yangu yuko wapi.

Mjomba wako,
Zéphirin


Wamaza, tarehe 4 Agosti 2024

Mjomba,

Umenijibu, nami nakujibu.

Mama amekufa siku ile ile. Alikuwa barazani na majirani, wanakula sombe ya majani ya muhogo. Ngoma ilipoanza kukwama, jirani mmoja aliinuka na kumbeba mtoto wake. Mama akamzuia. Nimelisikia hili kwa yule jirani, yeye peke yake ndiye aliyeondoka. Mama alimwambia, "Ni mashine ya mutoto wangu iko inakwama. Mukae, mukule." Alikuwa ananitetea. Hakutaka wanicheke tena, wala wanipige. Watu kumi walikaa kwa neno lake, na wote kumi tumewazika naye. Yeye walimkata mkono aliouinua, kisha shingo, na shingo haikukatika mara moja. Nilimwosha mwenyewe. Mguu ulikuwa umepungua uvimbe.

Sikukuandikia mapema kwa sababu nilitaka uandike ukiwa bado na tumaini. Ungejua amekufa, ungeniandikia barua ya kulia, na ningebaki bila ukweli. Nilikufanyia hila, na sijutii.

Prosesa imeketi. Nilifuata maelezo yako, kona na kona, punje moja ya mchele. Dirisha sasa linaonyesha michoro minne, na nikirekodi huku wimbo unaendelea haifiki hata thelathini. Ni mashine nzuri sana. Ilikuwa nzuri tangu mwanzo.

Lakini nani angeiamini? Komite ilitaka kuitupa mtoni. Watu walisema hata ikitengenezwa mara mia hawatainuka tena kwa ngoma hiyo, na wengine walisema Muzaliwa mwenyewe anawalaani kutoka kaburini. Niliwaambia imepona, wakatema mate. Mwambie mtu umebadilisha prosesa, atakuuliza kwa nini hukuibadilisha kabla mke wake hajafa. Nilihitaji kuwaeleza kwa nini ilidanganya, wajue kosa liliingiaje na limetokaje, na maelezo hayo sikuwa nayo popote ila kwenye barua yako.

Huku kwetu Jumapili baada ya misa tunasoma hewani barua za msiba, zile ndugu wa mbali wanazotuma. Jumapili ya tarehe 21 Julai niliisoma ya kwako. Niliisoma yote, kuanzia salamu mpaka jina lako, polepole, na mashine haikukata neno hata moja. Pale ulipoandika niichome, nilisoma hapo pia. Nilipofika kwenye siku zile kumi na mbili ilizokaa dukani kwako, nilisikia mtu nje anavunja kiti.

Ijumaa iliyofuata saa tisa mchana watu wa msituni walikuja tena kwa njia ile ile ya mto. Nilibonyeza 001. Ngoma ya Muzaliwa ililia nzima, mara moja, na vijiji vinne vikainuka bila mtu kuuliza. Sufuria ziliachwa motoni. Walikuta mbuzi, wakawachinja. Walichoma nyumba ishirini na mbili na ya mama mojawapo. Walimpiga risasi mbwa. Mtu hawakumpata hata mmoja.

Vijana wamekaa wakapanga watakachokufanyia siku utakayoonekana barabara ya Wamaza. Nilikuwapo, waliongea mbele yangu wakinitazama kama nitasema kitu. Mume wa yule mwanamke wa matopeni ndiye aliyechaguliwa kuwa wa kwanza. Niliwaacha wamalize. Usije kwenye msiba, na kile kitenge usikitume. Siwezi kukukinga, na sijui kama ningeweza ningekukinga.

Ile prosesa yako ya kiini kimoja iko ndani ya kopo la maziwa alilonalo Pitchou. Nimekurudishia.

Laetitia, mtoto wa Marie